Abiria wa Ziwa Tolliver

Ziwa Tolliver, Tennessee
9 Machi 2015

Dada Oleta,

Nakuombea barua hii ikukute umekaa kitini, si umelala. Wendell amenieleza kwamba sasa unatembea mpaka jikoni na kurudi, na kwamba umemfukuza yule mwuguzi wa mazoezi kwa kosa la kukuita "mpenzi". Hapo nikajua mama yake anapona, nikamwambia aache kunipigia simu kwa sauti ya matanga.

Simu nimeelewa hutaki tangu kiharusi kikushike. Ulimi ukishachoka kukwama utaniambia. Mpaka wakati huo tutaandikiana kama marehemu mama na shangazi zake, na wewe utapata raha ya kusema bila kukatizwa.

Nina jambo. Mashindano ya Jozi ya kuvua samaki wa besi ni Jumamosi ya tarehe 18 Aprili. Mwaka huu ungekuwa wa ishirini na tatu kwetu. Juzi niliingia dukani kwa Rex Loveday kununua chambo, na wanaume wako palepale penye jiko la kuni, wanakunywa kahawa yake ya bure na kuisema vibaya. Mmoja akauliza kama akina dada wa Hickory, yaani mimi na wewe, watashiriki. Rex akajibu bila hata kunitazama: "Oleta kaenda Ohio. Boti imebaki na abiria."

Abiria, Dada. Nimevua samaki nyuma ya mgongo wako miaka ishirini na miwili, na mji mzima unadhani nilikuwa nasindikiza. Nililipa chambo changu nikatoka. Nilifika nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Naomba boti. Nitashiriki na Darla Teague, yule dereva wa basi la shule. Yeye atakaa nyuma. Mbele nataka kukaa mimi.

Mdogo wako,
Nadine


Dayton, Ohio
17 Machi 2015

Mdogo wangu Nadine,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kama mwandiko unakuchekesha, maliza kusoma kwanza ndipo ucheke.

Rex Loveday angejua kuvua asingefungua duka la chambo. Mwache.

Kuhusu boti. Mume wangu Hoyt aliniachia boti ile, na tangu azikwe hakuna aliyekanyaga pale mbele ila mimi. Siyo uchoyo. Pale mbele si kiti tu. Unaendesha mota ya umeme kwa mguu, unasoma upepo, unasoma maji, unaamua tunakaa au tunaondoka, na kila uamuzi una gharama yake. Wewe ulikuwa na kazi yako na uliifanya vizuri. Hukuwa na wasiwasi hata siku moja, kwa kuwa wasiwasi wote nilikuwa nao mimi.

Lakini sitaki Rex aseme boti ya Hoyt imeoza bandani. Ichukue. Sharti langu ni moja: nitakuandikia mpango, na mpango utafuatwa. Wewe utakanyaga mota, akili itakuwa yangu. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mwezi wa Mei narudi mwenyewe, kwa hiyo usizoee. Mguu wangu uko vizuri sana. Jana nimezunguka nyumba yote ya Wendell mara mbili bila fimbo.

Badilisha betri. Ile ya kushoto ilikuwa inazeeka.

Dada yako,
Oleta


Ziwa Tolliver
30 Machi 2015

Dada Oleta,

Betri nimebadilisha zote mbili. Asante kwa boti, nasema kutoka moyoni.

Nilidhani kukanyaga mota ni kama kukanyaga cherehani. Siku ya kwanza nilizungusha boti mara nne palepale mbele ya gati, mpaka Darla akaniuliza kama tunatafuta samaki au tunamtafutia kizunguzungu. Mara ya pili nilimpeleka moja kwa moja kwenye matawi ya mti ulioanguka, akatoka na kiota cha ndege kichwani. Ndege hakuwemo, Mungu ashukuriwe. Sasa nimeshaweza. Jana nilisimama sehemu moja kwenye upepo wa ubavuni karibu nusu saa, na Darla alikula mkate wake wa soseji ya bolonya na chai bila kumwagikiwa na tone.

Hali ya hewa imepata wazimu. Jumatatu ya wiki iliyopita tulivaa mikono mifupi. Jumatano ikanyesha mvua ya barafu kwenye maua ya miti ya redibadi, na kila mtu kanisani akawa anasema, haya, hiyo ndiyo baridi ya redibadi, imekuja na imepita, bado ya dogwudi na ya beri nyeusi, nazo zikichanua. Ijumaa jua likarudi. Nimetoa koti kabatini na kulirudisha mpaka limechoka na mimi.

Besi wameanza kupanda kutoka kina kuja kutaga. Nimewaona wawili kwenye maji ya magotini, wanawinda vidagaa.

Mdogo wako,
Nadine


Dayton, Ohio
8 Aprili 2015

Nadine,

Mpango ni huu. Uubandike karibu na usukani.

Nimekaa dirishani kwa Wendell siku tatu natazama mti wake wa redibadi. Haujafungua hata ua moja. Unajua mama alivyotufundisha: baridi tatu za masika huja kwa zamu, kila moja na ua lake, na redibadi isipochanua besi hawajaota hata ndoto ya kutaga. Kwa hiyo watakuwa bado kwenye maji ya kina. Uliowaona magotini ni watoto wasio na adabu, usiwafuate.

Alfajiri nendeni rasi ya mawe mkabala na bwawa. Chambo kizito, kishuke mpaka futi ishirini. Saa nne hamieni kwenye ukingo wa mto wa zamani uliofunikwa na ziwa. Saa saba rudini kwenye rasi. Horini, kwenye maji haba ya pembeni, msiingie kabisa, hata mkiwaona watu wote wanaingia.

Usianze kubuni. Nakujua, ukiachwa peke yako unavutwa na kila kisiki. Mwenye kuongoza hasikilizi tumbo lake, anasikiliza mpango.

Nimewaeleza akina mama ninaokula nao chakula cha mchana huku kwenye kituo cha mazoezi. Wanauliza habari za ziwa kila siku. Kuna mmoja, Bi. Zelma, hajawahi kushika samaki asiyekuwa wa kopo, sasa anajua tofauti ya rasi na hori. Usiniaibishe mbele yao.

Oleta


Ziwa Tolliver
13 Aprili 2015

Dada Oleta,

Barua yako nimeisoma mara mbili, tena Darla nimemsomea.

Huku dogwudi zimefunguka Jumamosi, kilima chote nyuma ya kanisa ni cheupe. Redibadi zimeshaanza kutoa majani. Tangazo la hewa linasema joto mpaka Ijumaa, kisha upepo wa kaskazini.

Wasalimie akina mama wa mezani, hasa Bi. Zelma.

Nadine


(Kadi ya posta, upande wa mbele picha ya bwawa)
18 Aprili 2015, jioni

Dada,

Tumeshinda. Samaki watano, ratili kumi na saba na wakia sita. Boti zilikuwa thelathini na moja. Nitaandika vizuri nikishalala.

N.


Dayton, Ohio
23 Aprili 2015

Mdogo wangu mpenzi,

Kadi yako imefika jana mchana. Nimeisoma nimesimama. Wendell alitaka kunishika nikamwambia aondoe mkono.

Ratili kumi na saba! Rasi ya mawe, nilijua. Niliilalia macho mwezi mzima, nikaiona rasi ile kama naiona viganjani mwangu. Akina mama wa mezani wamepiga makofi mpaka msimamizi akaja kuuliza nani ana siku ya kuzaliwa. Nikawaambia, ulimi ukakwama kidogo, lakini nikawaambia: mwili wangu uko Ohio, ila Jumamosi boti ile niliiendesha mimi.

Nadine, hujui nilivyokuwa. Tangu Januari watu wananifungulia vifuniko. Wananikatia nyama. Leo kwa mara ya kwanza nimejiona mtu kamili.

Nimemwandikia Bwana Cantrell wa gazeti la kaunti kwa barua pepe ya Wendell. Nimemweleza jinsi nilivyopanga kila kitu kwa barua kutoka maili mia tatu, na wewe ukafuata neno kwa neno. Amepiga simu kwa Wendell, amefurahi mno. Anasema itatoka Alhamisi ijayo ukurasa wa kwanza, atataka picha yako na boti. Mpe.

Nilikuambia, ukisikiliza hupotei.

Dada yako mwenye fahari,
Oleta


Ziwa Tolliver
28 Aprili 2015

Dada Oleta,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili za kwanza niliandika "asante kwa mpango wako" nikachana.

Sikwenda kwenye rasi ya mawe. Sikwenda kabisa, hata kupita. Mpango wako sikuubandika karibu na usukani, niliuacha kwenye droo ya vijiko.

Redibadi ya Wendell iko Ohio, Dada. Masika yanafika huko wiki mbili na ushee baada ya kwetu. Ulikuwa unahesabu baridi za ziwa letu kwa mti wa Dayton. Niliijua hitilafu hiyo siku ileile barua ilipofika, na ningekuambia waziwazi, lakini niliogopa utaninyima boti. Nilikuandikia dogwudi zimechanua nikanyamaza, nikajidanganya kwamba nimeshasema. Huo ni uoga wangu, nakuomba radhi. Kosa langu linaishia hapo.

Sasa nikusimulie siku yenyewe, maana ni yangu na sijamsimulia mtu.

Usiku wa Ijumaa baridi ya dogwudi ilishuka. Alfajiri mbingu ilikuwa ya buluu kali, upepo wa kaskazini unakata masikio, na ziwa ambalo Alhamisi lilikuwa vuguvugu limekuwa la kuuma vidole. Wengi waliona hali hiyo wakakimbilia maji ya kina, kama ambavyo ungefanya wewe. Mimi nilisimama pale mbele, Darla akiningoja niseme neno, na kwa mara ya kwanza nilielewa ule wasiwasi uliokuwa unausema. Ni mzito. Nakiri.

Lakini nilijua kitu. Besi aliyekwisha kupanda kutaga hashuki mpaka futi ishirini kwa baridi ya siku moja. Anarudi nyuma kidogo tu, penye visiki vya kwanza kwenye mdomo wa hori, analala chini, ananuna. Hafukuzi kitu. Chambo kikimpita mbio anakiangalia tu. Ila kile cha kwanza kinamwamsha, na cha pili kikija polepole, kikakaa chini mbele ya pua yake, hawezi kuvumilia.

Unajua nimejulia wapi? Nyuma yako. Miaka ishirini na miwili ulikuwa unatupa mbele, unatupa haraka, unaondoka, na mimi nilipewa maji uliyokwisha kuyapiga. Ilinibidi nijifunze kuvua mabaki. Siku za baridi hasa, wewe ulikuwa unawaamsha na mimi nawachukua.

Kwa hiyo nilimtafuta mtu wa kuniamshia samaki, nikampata Rex Loveday. Alikuwa anakwenda mdomoni mwa Hori la Kanisa, anatupa chambo cha kasi kama anafukuza nzi. Nikamwachia nafasi ya kutosha, nisije nikaitwa mkosa adabu, nikamfuata. Akageuka, akaniona, akapaza sauti ili boti zote zisikie: "Nadine, hata ukikaa mbele bado uko nyuma!"

Watu walicheka. Darla alitaka kumjibu nikamzuia. Nikatupa kwenye kisiki alichotoka kukiacha, nikaacha chambo kilale. Nilihesabu polepole mpaka thelathini. Mshipi ukasogea pembeni, taratibu, bila kishindo. Ratili tatu na nusu. Rex alikuwa bado anacheka nilipomwinua samaki huyo.

Wa pili, kisiki cha jirani. Wa tatu alimpata Darla. Saa tano tulikuwa na watano tangini na Rex hacheki tena, anatupa haraka zaidi, na kadiri anavyoharakisha ndivyo anavyoniamshia wengine. Saa sita na robo nikampata wa ratili sita na wakia mbili, akachukua nafasi ya yule mdogo kuliko wote. Nilipomshika taya niliketi chini kwenye boti, Dada, nikalia. Darla akageuka akatazama mlima mpaka nilipomaliza.

Rex alipata ratili kumi na nne, wa pili. Kwenye mzani alikuja akanipa mkono, akavua kofia. Alisema, "Samaki wale walikuwa wangu." Nikamwambia, "Uliwapita wewe mwenyewe."

Jana barua yako ilipofika nilikaa nayo kibarazani mpaka kahawa ikapoa. Nilijiuliza: itanipunguzia nini nikinyamaza? Una raha kwa mara ya kwanza tangu Januari. Watu wazuri wangenyamaza. Lakini nimenyamaza miaka ishirini na miwili, na matokeo yake ni lile neno la Rex. Sikuvishi kilemba cha ukoka, wewe mwenyewe hukunilea hivyo.

Nikaenda ofisini kwa Bwana Cantrell. Nilimwambia, "Andika kwamba aliyekaa mbele ni mimi, na aliyeamua ni mimi." Akashika kalamu. Nikaongeza kwamba boti ni ya Oleta, na kwamba kuvua nilifundishwa na Oleta nikiwa na miaka sita, kwa fimbo ya mwanzi, na hilo nalo aliandike kwa herufi zilezile. Akauliza kuhusu mpango. Nikamwambia hiyo ni habari ya dada wawili.

Gazeti linatoka keshokutwa. Nimetaka uyasikie haya kwangu kwanza.

Kama unataka boti irudi bandani, sema, nitaiosha na kuifunika.

Mdogo wako anayekupenda,
Nadine


Ziwa Tolliver
11 Mei 2015

Dada Oleta,

Wiki mbili sasa. Wendell anasema unakula vizuri na hutaki kuzungumza habari zangu. Sawa. Nakuandikia tu kwamba beri nyeusi zimechanua, na baridi yake imekuja, siku mbili tu. Boti nimeiosha. Sijaifunika.

Nadine


Dayton, Ohio
20 Mei 2015

Nadine,

Nilikasirika. Usidhani sikukasirika. Barua yako niliitupa pipani, na kwa kuwa siwezi kuinama vizuri ilibidi nimwombe Wendell ainyanyue, na hiyo ikanikasirisha zaidi.

Gazeti lilifika likiwa na picha yako. Sikulipeleka mezani siku nne. Akina mama wakauliza, nikasema posta imechelewa. Siku ya tano nikalipeleka. Nilimpa Bi. Zelma asome kwa sauti, yote, mpaka pale penye fimbo ya mwanzi. Akalikunja gazeti. Kisha Zelma akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha bingwa." Nikamwambia sikumfundisha kuvua nyuma. Hilo alijifunza peke yake, kwa sababu sikumwachia kitu kingine.

Sasa nisikilize, maana mkono wa kushoto unachoka.

Yule besi wa mwaka 2004, wa ratili saba, niliyepiga naye picha gazetini. Alikuwa wako. Cantrell alifika na kamera akanipa mimi samaki kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele, nami nikampokea. Nilisema moyoni nitamsahihisha. Wewe ulikuwa unafunga kamba, hukusema neno. Na si huyo peke yake. Nilikuwa nahesabu kila mwaka, Nadine. Nikisikia maji yanaruka nyuma yangu nilikuwa nahesabu. Miaka kumi na tano kati ya ile ishirini na miwili samaki mkubwa alikuwa wako. Rex alipokuita abiria alikuwa anarudia maneno aliyoyasikia kwangu. Nilikusema hivyo dukani kwake zamani, kwa mzaha, na watu wakacheka, nami nikapenda walivyocheka.

Hilo ndilo lililonikalia kooni wiki tatu, si redibadi. Ingawa redibadi nayo inauma. Mwanamke mzima, nasoma ziwa la Tennessee kwenye ua wa Ohio.

Na nilikudanganya kuhusu mguu. Kuzunguka nyumba nilizunguka, nikimshikilia Wendell. Mguu wa kulia hausikii ninachokanyaga. Daktari anasema ndivyo utakavyokuwa. Mbele sitasimama tena. Nilijua tangu Februari. Ndiyo sababu nilitaka ule mpango ufuatwe, nilidhani ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuwa ndani ya boti.

Wendell ana likizo kuanzia tarehe tano Juni, atanileta. Nyuma kuna kiti chenye egemeo, nimekumbuka, Hoyt alikiweka kwa ajili ya baba yake. Darla akiniazima nafasi yake Jumamosi moja nitashukuru. Wavu sijawahi kumshikia mtu maishani mwangu, itabidi unielekeze. Chambo nitafunga cha aina utakayosema, na nitatupa pale ulipokwisha kutupa.

Niambie tutoke saa ngapi.

Dada yako,
Oleta


Ziwa Tolliver
25 Mei 2015

Dada Oleta,

Jumamosi tarehe 6. Saa kumi na moja alfajiri boti inaondoka gatini. Beba koti, hata kama Ijumaa itakuwa na jua.

Darla amekubali kabla sijamaliza kumwomba. Anasema sasa ndipo atapumzika.

Usichelewe. Huwa sisubiri watu.

Nadine